Jeki Iliteleza

Asya, mke wa Harith, alinipigia mwenyewe. Nilikuwa afisini Qurum, saa nne asubuhi, nimeshika kikombe cha chai ya maziwa ambacho sikukinywa tena. “Rayya,” alisema, “Harith katutoka alfajiri. Moyo.” Kisha akanambia wanazika baada ya adhuhuri, na wanawake wanakaa siku tatu nyumbani Ansab, akanielekeza na njia, kwa kuwa amechanganyikiwa, kana kwamba nyumba ile naweza kuisahau. Nikasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nikakata simu. Naona haya kuliandika, lakini jambo la kwanza lililonijia halikuwa huzuni. Nilifikiri hivi: Mama keshakufa. Shangazi Shinuna keshakufa. Leo Harith. Wote waliojua jinsi gari lilivyoanguka Ijumaa ile wamekwenda zao, nimebaki mimi peke yangu, na mimi kwa miaka ishirini na saba nimekuwa nikiwaambia watu kwamba jeki iliteleza. Nimemwambia hivyo mume wangu. Nimewaambia hivyo wanangu walipouliza kwa nini Ami Harith anatembea na mikongojo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na nne, na Harith ishirini na tisa. Alikuwa mtoto wa Shangazi Shinuna, alikuwa ameshaniposa, na nikahi ilipangwa baada ya Idi Kubwa. Ansab wakati huo ilikuwa nyumba chache tu juu ya changarawe, kila kiwanja cha pili kina rundo la mchanga na matofali, na nyumba ya Shangazi Shinuna nayo ilikuwa katika ujenzi, kwa sababu juu walikuwa wanatujengea sisi vyumba viwili vya kuanzia maisha. Mimi nilikuwa nimepata kazi na nimenunua gari langu la mwanzo, jeupe, dogo, la gia za mkono, lililokwisha pita kwa watu watatu kabla yangu. Harith hakuwa fundi. Alikuwa mtu wa afisi, anakagua ramani za barabara, kucha zake safi, kanzu yake haina doa siku zote za kazi, kuanzia Jumamosi mpaka Jumatano. Lakini Alkhamisi na Ijumaa alivaa kikoi na fulana iliyotoboka, akalala chini ya gari lake mwenyewe, kwa sababu hakuiamini gereji hata moja. Nilipoleta gari langu uani kwao, kabla hajalisifu wala kulitia ila, alisema, “Utajifunza kulinyanyua. Sitaki ukae kando ya njia unangojea mwanamme akusaidie.”

Alinifundisha wakati baridi inaanza, asubuhi moja ambayo jua lilikuwa zuri mpaka Shangazi akatoa mito yake nje kuianika. Alinipeleka kwenye ile sehemu ya ua iliyotiwa saruji. “Ardhi kwanza,” alinambia. “Kabla hujaigusa jeki, tazama unasimama wapi. Changarawe inahama.” Kisha akanikalisha kama mwalimu wa chuoni anayesomesha juzuu. Nafanya nini? Navuta handibreki. Kisha? Natia gia ya kwanza. Kisha? Natia mawe mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini. Nati nazilegeza lini? Kabla ya kunyanyua, gari likiwa bado limekaa. Akanionyesha pale penye mkato chini ya mlango, ambapo bati ni nene na jeki inakamata vizuri. Akatoa stooni stendi mbili za chuma, fupi, za miguu minne, akaziweka chini ya gari moja huku na moja huku, akateremsha gari mpaka likazikalia. “Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia,” alisema. “Mtu haingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Hata kuokota spana. Umesikia?” Nikasema nimesikia. Mwisho akaniambia nilisukume gari kwa nguvu zangu zote. Nikacheka, nikamwambia naogopa litaanguka. “Kama litaanguka, lianguke sasa,” alisema, “hamna mtu chini yake.” Leo nikiona mtu kando ya barabara kuu amepiga magoti ubavuni mwa gari lake, nafungua kioo namuuliza kama ametia mawe. Watoto wangu wanaona ni kichekesho cha mama yao.

Baridi ile ndiyo furaha yangu yote ya mwaka ule. Kila Ijumaa tulikula kwa Shangazi: wali wa nazi, samaki wa kupaka, achari ya ndimu aliyoitia pilipili mpaka macho yakatoka machozi. Sebule yake ilikuwa na makochi ya mahameli ya rangi ya divai, pazia nzito zilizofungwa mchana kutwa, na kiyoyozi cha dirishani kilichopiga kelele kiasi cha watu kuzungumza kwa sauti za juu hata wakisengenya. Wanaume walikula majlisi, sisi tukala chini sebuleni, na kupitia mlango nilimsikia Harith akibishana na baba yake juu ya mwinuko wa ngazi za kupandia vyumbani kwetu. Mimi niliachiwa nichague vigae vya choo. Nilichagua vya kijani, na dukani Ruwi wakavileta kabla ya wakati wake, katoni nzito nzito, vikapangwa stoo kutoka sakafuni mpaka kifuani mwa mtu. Hakuna aliyeuliza viko juu ya nini.

Joto lilipoanza, eksozi ya gari langu, lile bomba la moshi, ililegea. Ilinguruma mpaka watu wa Qurum wakageuka kutazama nikiingia kwenye maegesho ya afisi. Nilimganda Harith tangu Jumanne. Nilimwambia Jumamosi tuna wageni kazini na siwezi kufika na gari kama trekta. Alichoka wiki ile, alikuwa anatoka kazini anakwenda kusimamia mafundi wa juu, lakini Ijumaa aliporudi msikitini alivua kanzu, akavaa kikoi, akaenda stoo. Alirudi na jeki na bisibisi na boksi la spana.

“Stendi ziko wapi?” nikamuuliza.

“Chini ya vigae vyako. Nikianza kuhamisha katoni tutakula magharibi.” Alikuwa anatabasamu. “Dakika tano tu, nakaza bendi ya eksozi.”

Nilijua. Hili nataka lisomeke bila ya pazia: nilikuwa najua sawasawa na yeye, nilikuwa nimekaririshwa mwenyewe, na sikusema kitu kwa sababu nilitaka gari langu. Tena gari halikuwa hata juu ya saruji. Mafundi walikuwa wamejaza mbao pale, kwa hiyo nililiacha karibu na geti, kwenye changarawe. Akatia kipande cha ubao chini ya jeki. Akatia jiwe moja nyuma ya gurudumu la nyuma, mbele hakutia. Handibreki ya gari lile ilikuwa inashika nusunusu, na hilo pia tulikuwa tunalijua, lilikuwa kazi ya Ijumaa nyingine. Akanyanyua upande wa mbele, akalala chali, akajisukuma ndani mpaka nikawa naona miguu yake tu na pindo la kikoi.

Baada ya muda kidogo akaniita. “Rayya, ingia uliwashe, nisikie kama bado linavuja. Toa gia kwanza. Na mlango taratibu.” Nikaingia, nikatoa gia, nikaliwasha. Akasikiliza. “Zima. Bado pahala pamoja. Kaa hapo hapo, usishuke mpaka nitoke.” Nikamjibu, “Haya.” Nilikaa. Ndani mlikuwa moto, usukani haushikiki, na harufu ya samaki ilikuwa inakuja kutoka jikoni. Nilikuwa namsikia anagonga kitu na kujisemesha. Sikukumbuka kurudisha gia. Sijui nilikaa kwa muda gani, si mrefu. Kisha Shangazi Shinuna akatokea mlango wa jiko la nje. Alikuwa na mafua wiki ile, hasikii ladha ya kitu.

“Rayya! We Rayya! Njoo unionjee chumvi!”

Nikasema, “Nakuja, Shangazi,” nikafungua mlango, nikashuka, nikaufunga nyuma yangu kama ninavyofunga mlango wa gari siku zote.

Nilisikia chuma kikikwaruza. Gari lilikwenda mbele kidogo, labda shubiri moja, jeki ikalala ubavu na ubao ukaruka. Harith hakupiga kelele. Alitoa pumzi tu, moja, ndefu. Shangazi alikuwa bado amesimama mlangoni na upawa mkononi. Sikumbuki nani kati yetu alianza kulia kwa sauti, lakini vibarua wa kiwanja cha jirani, waliokuwa wanafua nguo zao siku ya mapumziko, waliruka ukuta, watu saba au wanane, vifua wazi, povu la sabuni mikononi, wakalishika gari wakalinyanyua kwa mikono mitupu huku mmoja akimvuta Harith kwa mabega. Walikuwa hawajui majina yetu. Sijawahi kwenda kuwashukuru. Nilipopata akili ya kufanya hivyo nyumba ya jirani ilikuwa imekwisha na wao wamehamishwa.

Hospitali, askari mmoja kijana mwenye adabu alinijia na daftari. “Ilikuwaje, dada?” aliniuliza kwa Kiarabu. Nikamjibu kwa Kiarabu hicho hicho, haraka, kabla hata sijafikiri: jeki iliteleza. Siku ya tatu, Harith alipoweza kuzungumza, wakamuuliza na yeye. Nilikuwa nimesimama miguuni mwa kitanda. Alinitazama mimi, si yule askari, akasema, “Jeki iliteleza.”

Nyonga ilivunjika mahala patatu, na mguu wa kushoto haukupata hisia tena kuanzia gotini. Alilala miezi minne kwenye chumba cha vitanda viwili, dirisha lake linatazama mlima usio na hata kichaka. Mimi nilikwenda kila siku nikitoka kazini, na supu ndani ya chupa. Harufu ya dawa ya kufutia sakafu ilichanganyika na udi ambao Shangazi aliuficha ndani ya mkoba wake na kuuchoma msalani, wauguzi wakijifanya hawanusi. Jamaa walikuja makundi kwa makundi, wanakaa kwenye viti vya plastiki, mimi nawamiminia kahawa. Na kila kundi lilikuwa na mzee mmoja ambaye hakuweza kujizuia. “Mtu msomi, Harith,” ami yake mmoja alisema, fahali la mtu, tende mkononi, “unaingiaje chini ya gari na jeki tupu? Hata mtoto anajua.” Harith akatabasamu. “Uvivu, ami,” alisema. “Uvivu wangu mwenyewe.” Nikamjazia yule mzee kikombe cha pili. Halikumwagika hata tone, na hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka.

Ramadhani ikaingia akiwa bado hospitali. Alasiri moja Mama na mimi tulikwenda kumsaidia Shangazi kukunja sambusa. Nilitumwa juu kuchukua sinia kubwa, kwenye vile vyumba vyetu vilivyosimama bila milango, na niliposhuka na sinia nikasikia sauti ya Shangazi jikoni, nikasimama kwenye ngazi.

“Wifi, mimi ndiye niliyemwita,” alikuwa anasema.

“Usiseme hivyo, wifi,” Mama alimjibu.

“Nilimwita kwa ajili ya chumvi. Nilimwona anashuka, nikaliona gari linakwenda. Mpaka leo nikishika kikopo cha chumvi mkono haunitii. Mwanangu kalala kule, na watu wanamwita mvivu, na mimi nimenyamaza.” Akapenga kamasi. “Namngojea Rayya aseme, wifi. Akisema yeye, na mimi nitasema. Lakini hasemi.”

“Bado mtoto.”

“Si mtoto. Mtu anayeolewa si mtoto.”

Nilirudi juu kimya kimya, nikashuka tena kwa kishindo, nikiiburuza sinia ukutani ili wanisikie. Tulikunja sambusa mpaka adhana bila ya neno zaidi ya “nipe unga” na “nipe maji”. Njiani kurudi, Mama alikuwa anatazama mbele tu. “Umesikia?” aliniuliza. Nikasema nimesikia. “Basi usilifukue. Harith mwenyewe kaamua. Ukisema leo utamvunja shangazi yako mbele ya mumewe.” Nililishika neno hilo kwa mikono miwili. Nimeliegemea miaka yote: kwamba nilinyamaza kwa ajili ya Shangazi. Lakini Shangazi alikuwa ameomba kinyume chake, na mimi nilimsikia kwa masikio yangu.

Idi Kubwa ikapita na nikahi ikaahirishwa. Harith alirudi nyumbani akapewa chumba cha chini, kile kilichokuwa cha wageni, kwa kuwa ngazi zilikuwa hazipandiki tena. Mikongojo yake ilisimama kichwani pa kitanda, na karibu yake redio ndogo iliyokuwa ikisoma khabari kwa sauti ya chini. Siku niliyokwenda mwisho kama mchumba wake ilikuwa siku ya joto lililokwisha kuchoka, asubuhi, na Shangazi alituachia mlango wazi, kama inavyopasa, akenda jikoni. Harith alizima redio.

“Nimezungumza na Baba,” alisema. “Mambo ya posa tutayamaliza kwa wema. Nakuachia.”

“Kwa sababu ya mguu?” nikamuuliza.

“Kwa sababu kila ukiingia humu unanitazama kama mtu anayeomba msamaha. Na hujaomba, Rayya.” Hakusema kwa ukali. Alisema kwa sauti aliyokuwa akinifundishia. “Mimi nilijua nnafanya nini nilipoacha zile stendi. Langu nimelisema kwa kila mtu. Nakungojea wewe miezi saba. Sitaki umwambie askari, wala baba yangu. Nataka uniambie mimi.”

Jikoni mafuta yalikuwa yanalia. Nilitazama mkeka, kisha mikono yangu. Nilikuwa na maneno; yalikuwa machache na rahisi, na mtu mmoja tu wa kuyasikia. Na nikaona kwamba nikiyasema nitalazimika kubaki. Nitakuwa mke wa chumba kile, wa redio ile na supu ile, mpaka mmoja wetu afe. Nilikuwa na miaka ishirini na nne.

“Haya,” nikasema.

Akaendelea kunitazama, akidhani kuna linalofuata. Hapakuwa na linalofuata. Nikanyanyuka, nikamuaga Shangazi mlangoni pa jiko, naye akanibusu kichwani bila kuniuliza kitu, nikatoka. Nililia mpaka nilipofika njia kuu. Hapo nikafungua kioo, upepo ukaingia, na nikajiona mwepesi. Nyumbani nilikula chakula cha mchana, sahani nzima, na nikaongeza. Mama alinitazama nikila, kisha akainuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Harith alimwoa Asya miaka minne baadaye. Ni mwalimu, mwanamke mwenye kicheko kikubwa, na walizaa watoto watatu katika nyumba ile ile, wote wakilala vyumba vya chini. Vyumba vya juu vilimaliziwa akapewa ndugu yake. Mimi niliolewa na mtu mwema. Tulikutana kwenye harusi na misiba. “Vipi, Rayya?” “Alhamdulillahi. Wewe?” “Alhamdulillahi.” Shangazi aliondoka duniani bila ya sisi wawili kuzungumza lolote juu ya mchana ule.

Siku ya tatu ya msiba nilikwenda tena Ansab. Ndani wanawake walikuwa wamejaa mpaka korido, msomaji amemaliza, kahawa inazunguka. Joto la watu lilinishinda, nikatoka barazani, palipovuliwa viatu. Ilham, mtoto mkubwa wa Harith, ana miaka ishirini na mbili, alikuwa amekaa pale peke yake na shela limemshuka mabegani. Nikakaa karibu naye. Akaanza mwenyewe, akichanganya Kiswahili na Kiarabu kama wanavyofanya watoto wetu wote.

“Ma Rayya, unajua Baba alikuwa anatwambia nini? Kila tukifanya kitu haraka haraka, anaupiga mguu wake na mkongojo. ‘Mnaona uvivu unavyofanya?’ Ya'ni kila siku. Wenzangu wanakimbia pwani na baba zao, mimi wangu kakaa garini anatutazama, na najua kajifanyia mwenyewe.” Akafuta pua. “Wiki iliyopita tumegombana, kitu cha upuuzi tu, nikamwambia. Nikamwambia, wewe uvivu wako umetulipisha sisi sote. Wallahi, aliniambia nikamletee maji.”

Nilitazama viatu. Pairi arubaini, hamsini, ndala za ngozi na viatu vya visigino. Nikamwambia. Nilimwambia baba yake alikosea kuacha stendi, na hilo alilikiri daima. Nikamwambia kwamba mimi nilikuwa nimekaa ndani ya gari, kwamba aliniambia nisishuke, kwamba niliitwa nikashuka, nikafunga mlango. Kwamba gia ilikuwa imetolewa na sikuirudisha. Kwamba alilala miezi minne akisema jeki iliteleza kwa sababu nilitangulia kusema mimi. Kwamba aliniomba nimwambie yeye peke yake, na sikumwambia. Sikumtaja aliyeniita; hilo halikuwa langu kulitoa.

Ilham hakulia. Alinitazama kwa macho ya baba yake, makubwa, yaliyo mbali kidogo na pua.

“Angekuwa hai,” alisema, “ungesema?”

Nilifikiri kumdanganya. Uongo huo ungekuwa mdogo kuliko ule mwingine.

“La,” nikamwambia.

Akanyanyuka, akalipandisha shela lake kichwani, akaingia ndani. Mimi nikaanza kutafuta viatu vyangu. Nilikuwa nimeshavaa kimoja nilipoisikia sauti yake sebuleni, akimwita mama yake, na baada ya sauti yake nikasikia mazungumzo ya wanawake yakikatika, kochi kwa kochi, mpaka nyumba nzima ikanyamaza. Nikakivua kile kiatu, nikaingia.